Fundi Alimeza Vidonge Vyote

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi wa taasisi yetu, wafanyakazi wenzangu wa maabara, ndugu zetu mliojitolea kuvijaribu vidonge vyetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme machache, nishukuru, nikate utepe wa chumba kipya cha kutengenezea vidonge, kisha nistaafu, niende zangu nyumbani nikapumzike. Utepe ule pale, mkasi huu hapa mkononi mwangu. Nyuma ya utepe kuna maboksi yamepangwa hadi darini, na kila boksi lina picha yangu, natabasamu, na chini yake maneno: "Humfaa kila mtu." Picha hiyo ilipigwa kwenye harusi ya mpwa wangu, na aliyemkata bibi harusi pembeni ili nibaki peke yangu hakuniuliza. Na maneno hayo sikuyasema mimi, wala sitayasema nikiwa na akili zangu timamu.

Naona Ndugu Mkurugenzi umeanza kukuna shingo. Vumilia, baba. Kipaza sauti umenipa mwenyewe.

Wageni wetu, najua wengine mmefuata soda, hamkuja kusoma baiolojia, kwa hiyo nitakwenda mbio. Ganda la komamanga, ambalo ndilo tunalosaga kutengeneza vidonge hivi, lina polifenoli, zile kemikali zinazolitia ukakasi, ukilitafuna ulimi wote unakauka. Hizi za komamanga ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo. Zichukulieni kama jora la kitambaa: ni zuri, lakini nani amewahi kuvaa jora? Lazima apatikane wa kulikata. Wakataji wenyewe ni bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana. Wao huzipasua polifenoli vipande vidogo, na vipande hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye damu, ambako tunachunguza kama vinausaidia mwili kutumia sukari vizuri zaidi. Lakini bakteria hao si kila mtu anao. Wewe unao, ndugu yako wa tumbo moja hana, na hakuna aliyekosea.

Sasa sikieni tulichokifanya sisi wasomi.

Miongoni mwa waliojitolea alikuwemo fundi cherehani, yule pale nyuma karibu na mlango, mwenye kilemba cha kijani. Kila asubuhi kabla hajafungua kibanda chake alipita hapa na chombo chake chenye kifuniko. Tusifichane, ndani kilikuwa choo, ndicho tulichomwomba. Alikifunga kwa mifuko miwili, na alimwomba radhi kila aliyepishana naye kwenye korido. Vidonge vikaisha, sukari yake haikushuka hata chembe. Je, tulijiuliza tumboni mwake kuna nini? Thubutu! Tuliandika kwamba hakufuata masharti, tukamtoa kwenye matokeo, yeye na wote ambao damu zao zilikataa kututii. Ndiyo desturi yetu humu ndani, na tunaionea fahari: kidonge kisipofanya kazi, mmezaji ni mwongo. Ukishawatoa nje wote ambao hakikuwafaa, si lazima kiwe kimemfaa kila mtu? Maana aliyebaki ni nani?

Siku alipoitwa ofisini nilikuwepo. Mkurugenzi alimwuliza, "Mama, sema ukweli tu, vidonge ulikuwa unavitupa wapi?"

"Mwanangu, nimevimeza. Hata kilichonikwama kooni nilikisukuma kwa maji."

"Mbona wenzako sukari imeshuka?"

"Sasa hilo si ndilo mniambie nyinyi mliosoma?"

Watu wakacheka. Kabla hajafika getini alishapachikwa jina, Mama Mfukoni, ati vidonge alikuwa anavitia mfukoni. Jina likamfuata mpaka kibandani. Wateja wake wa miaka na miaka wakaanza kupima vitambaa vyao mbele yake kabla ya kumwachia. Mnajua fundi anajisikiaje akipimiwa kitambaa usoni? Mimi nilimkuta analia juu ya cherehani, na niliona aibu kuvaa koti hili jeupe.

Nikaenda kwenye jokofu, nikavitoa vyombo vyake nikavipima. Polifenoli za ganda zilikuwemo, tele, nzimanzima kama zilivyotoka kwenye kidonge. Ziliingia juu zikatokea chini, hazikupata wa kuzikata. Sasa nyinyi wenye akili nielezeni: mtu aliyevitia vidonge mfukoni, hizo zilifikaje huko?

Majibu nilimpelekea Mkurugenzi. Akaniambia, "Mama, unastaafu kwa heshima, usitutilie mchanga kwenye kitumbua." Kitumbua! Kuna watu watasoma boksi lile, wataona uso wa bibi mwenye mvi anayetabasamu, wataacha dawa zao za sukari walizopewa hospitali. Akifa mmoja wao, nitawaambia nini wanawe? Kwamba nilikuwa nalinda kitumbua?

Ndiyo, nimekasirika. Nimefanya kazi humu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kukasirika hivi.

Dada yangu fundi, simama. Simama, usiogope. Wenzangu, mtazameni vizuri mama huyu. Alimeza vidonge vyote. Alisema kweli tukamwita mwongo, na ukweli wake ndio nusu ya utafiti wetu, nusu tuliyoitupa. Jina lile lisisikike tena humu wala getini.

Utepe huu siukati. Njoo, dada, upokee mkasi. Wewe unajua kuwa kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi. Siku maboksi yale yatakapovuliwa uso wangu na kuandikwa kwamba vidonge huwafaa baadhi, wengine hapana, Ndugu Mkurugenzi atakuja kibandani kwako kuuomba. Akija bila kukutaka radhi mbele ya wateja wako, mwambie mkasi una kazi.

Wenzangu mlionifundisha kazi na mlioivumilia hasira yangu, Mungu awalipe. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, hata wewe Mkurugenzi uliyekuwa ukinionyesha saa, asanteni sana.