Siku Zaina Alipokataa Kombe

Sifa zote kwa Mungu, aliyenifikisha uzeeni nikiwa bado na ulimi wa kumshukuru! Ndugu zangu wa mji huu wa Baraka, amani iwe kwenu.

Miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala, nilikuwa fundi wa kombe. Niliandika aya kwenye sahani kwa zafarani, nikaziosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Watu walitoka hata rasi ya Ubwari kunifuata.

Ndipo Mwalimu Sefu akarudi kutoka masomoni Ujiji. Alisema Kurani imeshuka ili ieleweke, na Mungu ametupa akili tuitumie. Akaanza kuwaeleza hata akina mama maana ya sura kwa Kiswahili. Nilimchukia! Niliwachochea wazee wamfungie mlango wa msikiti, akawa anafundishia barazani kwake. Mke wangu Zaina nilimkataza kukanyaga huko.

Ndugu zangu, Zaina akashikwa na homa kali, tena mimba ilikuwa kubwa. Nikamwandikia kombe. Akaisukuma sahani, akaniuliza:

"Baba Asha, mule umeandika nini?"

"Kunywa tu, mama."

"Nitakunywa. Lakini uniambie kwanza inasema nini."

Sikujua! Tangu ujana nilikuwa nanakili tu. Nilitoka nikilia, nikaenda kwa yule niliyemfukuza. Hakunisimanga. Alikuja, akamsomea Zaina aya zile polepole, akamweleza kwamba ni sifa za Mungu mwenye huruma. Zaina akatabasamu. Kisha Mwalimu akanigeukia: "Dua tumeomba. Sasa tumubebe ku dispensari. Mungu hakukataza dawa ya shindano."

Tukambeba kwa machela, Mwalimu mbele, mimi nyuma. Njiani vijana wakanicheka: "Fundi, kombe imeisha? Unapeleka bibi kwa bazungu!"

Mwalimu akawajibu, "Mucheke, lakini mutupokee. Mikono inachoka."

Wakatupokea, ndugu zangu!

Zaina alipona, akajifungua salama. Mungu alimponya mama na mtoto, nami akaniponya kiburi. Sikuandika kombe tena. Nilikwenda kuketi kwenye baraza ile, nyuma ya akina mama, nikaanza kujifunza upya.

Mwalimu alifariki kabla sijamwomba radhi mbele ya msikiti huu. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Basi nisikieni: nilimdhulumu.

Ndugu yangu, mkeo akikuuliza maana na wewe huijui, usimnyamazishe. Mshike mkono, mwende mkaulize pamoja. Mtumainini Mungu! Maswali yetu hayamchoshi.