Mkono Ndani ya Shuka

Jambo la kwanza ambalo mtu aliliona kwa Mzee Asnake Wubneh ni kwamba mkono wake wa kulia haukuonekana. Mjukuu wake Mahider, anayesoma wasifu huu, alilitambua hilo akiwa mdogo sana. Babu alisalimia kwa kuinamisha kichwa, mkono ukiwa ndani ya shuka lake jeupe, hata jua likiwa kali. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa moto na masizi, naye hakutaka vionekane.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Hidar 1935, kwa kalenda yetu ya Ethiopia, hapa Ankober, mtoto wa pili wa mhunzi Wubneh Desta na Mama Belaynesh. Alisomea uani mwa kanisa hili na kuzijua Zaburi kwa moyo. Wakati wa chakula, wenzake walimgeuzia migongo.

“Wee Asnake, tazama kule! Ukinitolea macho tumbo litaniuma.”

“Na usiku usije kwetu na mkia wako wa fisi!”

Maneno hayo, kwamba mhunzi ana jicho baya na usiku hugeuka fisi, watoto hawakuyatunga. Waliyatoa majumbani, na majumba hayo ni yetu. Mwaka 1946 aliacha masomo, akaketi mbele ya mvukuto wa baba yake.

Kazi yake ilikuwa hirizi za watoto. Aliyeyusha sarafu kuukuu za fedha, akaifua fedha hiyo iwe vijisanduku vidogo kama punje ya haragwe. Pembeni alizungushia uzi wa shaba, katikati akapachika ushanga mwekundu wa kioo, na nyuma akashonea ngozi laini ya mbuzi ili isimkwaruze mtoto. Hakupeleka hata moja sokoni kwa mkono wake. Mchuuzi mmoja alizichukua na kuwaambia wateja kwamba zimetoka mbali, kwa mafundi wenye baraka. Mzee aliliacha jambo hilo liwe hivyo.

Tarehe 20 Tir 1959 alimwoa Yitayesh, binti wa mfinyanzi na mfinyanzi mwenyewe, kazi iliyodharauliwa kama uhunzi, mwanamke mcheshi asiyemwogopa mtu. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Asegedech.

Siku moja ya soko, wawili hao walikutana njiani na jirani yao, Mama Fanaye, amembeba mwanawe mchanga. Mara tu alipomwona Mzee Asnake, alimfunika mtoto gubigubi.

“Pita upande ule, fundi. Mtoto hajanyonya, na jicho lako nalijua.”

Shuka lilipoteleza, hirizi ilionekana shingoni mwa mtoto. Ilikuwa na ushanga mwekundu na uzi wa shaba. Mzee aliinamisha macho, akapita upande ule.

“Mume wangu, si ile ni kazi yako?” Mama Yitayesh alimwambia walipofika mbali kidogo. “Anamkinga mtoto na jicho lako kwa hirizi yako! Kwa nini hukumwambia? Mimi ningecheka mpaka nianguke.”

“Ningemwambia, angeivua na kuitupa. Mtoto abaki shingo tupu?”

Mama Yitayesh hakucheka. Mzee naye hakumwambia mtu.

Asegedech alipoolewa Debre Birhan mwaka 1987, wakwe waliambiwa kwamba baba yake ni mfanyabiashara wa nafaka. Alilisema hilo mwenyewe Mzee Asnake, bila kuombwa, ili kumsitiri binti yake.

“Ngano mwaka huu inakwendaje, mkwe?” aliulizwa mbele ya wageni.

“Inakwenda vizuri,” alijibu. “Inakua kwenda juu.”

Wageni walicheka wakidhani ni mzaha, kumbe hakujua jingine la ngano. Binti yake alitazama chini, na anatutaka tuseme leo kwamba siku hiyo hakuinua kichwa kumtetea. Wajukuu walipozaliwa, Mzee alituma hirizi, lakini kwenye ubatizo hakwenda. Aliogopa mtu angeuliza mikono yake imefanya nini.

Mwaka jana kifua chake, kilichovuta moshi miaka mingi, kilianza kumshinda. Mwezi wa Tahsas mwaka huu Mama Fanaye alibisha hodi akiwa na hirizi iliyokatika kitanzi. Mchuuzi alikwisha kufa, na mjukuu wa Mama Fanaye alikuwa anaisubiri. Mzee aliipokea, akaichomea kitanzi kipya pale pale, bila kutazama mfano wowote. Mama Fanaye alivitazama vidole vyake vikiipata njia gizani mwa kibanda.

“Umeifanya wewe,” alisema. “Zote.”

“Zote, mama.”

Aliketi mpaka kahawa ikachemka mara ya pili. Injera, mkate wetu, ilipoletwa, alifungua kinywa, akaomba alishwe tonge kwa mkono wa mwenye nyumba, ishara yetu ya upendo na heshima.

Mkono ulikuwa umerudi ndani ya shuka, na haukutoka. “Sio leo, Fanaye,” Mzee alisema. “Naona aibu. Mjukuu wetu Meklit ni mjamzito. Siku tutakapombatiza mtoto wake nitakulisha, tena mbele ya wakwe.”

Kitukuu huyo, msichana, alizaliwa tarehe 3 Megabit. Mzee alifua hirizi yake akiwa ameegemea mto, akaimaliza. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Megabit 2017, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Wakati wa kumwosha, mkono wake wa kulia uliwekwa juu ya shuka.

Ameacha mjane, Mama Yitayesh, binti, Asegedech, wajukuu wawili, Meklit na Mahider, na kitukuu mmoja ambaye bado hana jina la ubatizo.

Mungu ailaze roho yake mahali pasipo mtu wa kumgeuzia mgongo.

Ubatizo utafanyika tarehe 22 Ginbot, katika kanisa hili. Wakwe wa Debre Birhan wamekwisha kuambiwa Mzee alikuwa nani, na wamesema watakuja. Hirizi itavaliwa juu ya nguo. Tonge atalitoa Mama Yitayesh, kwa mkono wake wa kufinyanga, na Mama Fanaye ameomba aketi karibu naye.