Sindano ya Jiko

Sikio halilali njaa, na la fundi cherehani lilishiba mapema asubuhi hiyo ndani ya treni. Mbele yake mzee mmoja alikuwa amepakata kichwa cha jiko la gesi, kile cha chuma chenye vitundu vya moto, amekiviringishia gazeti kama mtoto mchanga. Mama aliyekaa naye, mpishi mstaafu wa hoteli, alishakifunua bila kuombwa.

“Baba, vitundu vimeziba. Moto unawaka wa njano?”

“Wa njano, na sufuria zinajaa masizi. Enzi za marehemu mke wangu ulikuwa buluu tupu. Anapikia harusi, mioto yote sita inanguruma, naye anaimba.”

“Moto wa njano ni hatari, baba. Sisi hotelini kila jioni tuliviloweka vichwa hivi kwenye maji ya sabuni, tukavizibua kwa sindano, tukavikausha mpaka ndani. Na ole wake aliyetumia kijiti cha meno! Kinakatikia humo humo.” Aliongea kama mtu anayewakumbuka kwa mapenzi wote waliokuwa wakimwogopa.

Mzee akakifunika tena. “Kilichoviziba ni mchuzi wa mke wangu. Ulifurika siku ile alipoanguka, nami nikamkimbilia yeye, si sufuria. Ndiyo maana natafuta kingine. Hiki nakiweka.”

“Kingine hupati. Majiko yale hayatengenezwi tena.”

“Nikizibua, nitabaki na nini?”

“Utabaki na jiko.”

Treni ikasimama. Fundi akachomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake, akampa mzee. Mzee akaichomeka kwenye kola ya shati lake, akashuka amekumbatia mzigo wake kwa mikono miwili.