Magazini Imetoka, Haina Kitu

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu na tofali, na vichwa vinavyolikalia havina hata tofali. Liko barazani kwa Sindano, fundi cherehani, katikati ya duka la vifaa vya ujenzi na kibanda cha simu. Sindano hakumwalika mtu. Wamejialika, wakazoea, na sasa wakikuta kaweka vitambaa vyake hapo wananuna. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa limezunguka mara mbili, na hoja ilikuwa moja: Saruji, mwenye duka la ujenzi, kapata kibali cha bastola na jioni anakwenda kuichagua. Alikiomba zamani, na eti usiku wa jana wezi walimjaribu mlango wa nyuma wa nyumba yake. Sindano alikanyaga cherehani yake, sikio likiwa kwao. Saruji ni shemeji yake, kamwoa dada yake, na mlango huo ndio anaoingilia mpwa wake akirudi usiku wa manane kutoka zamu ya jioni ya kiwanda cha mikate. Kijana huyo Sindano anampenda kuliko anavyokubali kusema.

— Chukua kubwa, alianza Komandoo. — Kubwa, nyeusi, yenye kishindo. Mwizi asipokufa kwa risasi afe kwa mlio.

Huyu Komandoo alilinda geti la ghala la sabuni, silaha yake rungu, akafukuzwa kwa kulala. Ukimsikiliza leo utadhani kapindua serikali.

— Kubwa ya nini? alidakia Chaji, fundi simu. — Siku hizi watu wanachukua zile zinazojipakia zenyewe. Unafyatua moja, nyingine imeshapanda. Haba na haba hujaza kibaba!

— Kibaba cha nini, cha maiti? aliuliza Sindano.

— Shemeji, wewe shona, alisema Saruji.

— Nashona. Ila mkono wako naujua. Misumari yenyewe ukipima inakudondoka. Hiyo bastola umeishika? Inakukaa mkononi? Kidole kinafika?

— Kitafika tu.

— Rangi kwanza, alisema Chaji. — Nimeona video. Kuna moja ya rangi ya fedha, ina taa nyekundu inammulika mtu kifuani. Ukimmulika tu, anatubu.

— Hiyo taa inatumia betri? aliuliza Saruji.

— Inachajiwa. Utaniletea mimi.

Sindano alichekea puani. Mtu mzima anachagua kitu cha kuulia watu, anauliza kinachajiwa wapi!

— Kuchagua si shida, alisema Saruji. — Shida ni kuifungua. Muuzaji kasema hanipi mpaka niifungue na kuifunga mbele yake, maana lazima isafishwe. Akanielekeza. Mtutu unaelekea pasipo na mtu, kidole kinakaa mbali na kifyatulio. Unatoa magazini, ile inayobeba risasi. Halafu unavuta kile chuma cha juu kwa nyuma, unachungulia ndani kwa macho yako, unapapasa na kwa kidole, isije ikawa imebaki moja. Ndipo unafungua.

— Hayo ya kuchungulia ni ya waoga, alisema Komandoo. — Magazini imetoka, risasi itoke wapi? Asiye na mwana aeleke jiwe!

— Hiyo methali imeingiaje hapo? aliuliza Sindano.

— Imeingia tu. Maana yake, kama haina, haina.

— Lo! Makubwa.

Chaji alikuwa keshaingia kibandani kwake. Pamoja na makava ya simu huuza midoli, akarudi na bastola ya maji, ya plastiki, imejaa. Komandoo aliipokea, akasimama, akakohoa kama anayesubiriwa na kikosi.

— Tazameni. Kwanza, natoa magazini.

Alichomoa kitangi cha maji, akakiweka benchini.

— Imekwisha. Hapa ni bomba tupu, hata mtoto achezee. Sasa, nyingine hazifunguki mpaka kwanza ubonyeze kifyatulio. Basi unabonyeza...

Alikuwa amemwelekezea Saruji. Maji yaliyobaki bombani yakatoka mchirizi mmoja, yakamlowesha Saruji shati upande wa moyo.

Sindano aliachia pedali.

— Hongera, mkufunzi. Umeshaua mwanafunzi.

— Hiyo ni hitilafu ya kiwandani, alisema Komandoo. — Plastiki. Chuma hakifanyi hivyo.

— Ni hewa, alisema Chaji. — Maji yana tabia ya kupanda yenyewe.

— Na chuma kina akili, aliendelea Komandoo, maana mwongo akipewa kamba huifanya barabara. — Bastola ikishazoea jasho la mwenye nyumba haimpigi mtu wa damu yake. Inakataa. Tuliyaona hayo kazini.

— Wapi, kwenye sabuni?

— Chekeni tu. Inanusa.

Saruji, na shati lake bichi, alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Hapo Sindano akachoka nao wote.

— Ebo! Nyie watu mna akili kweli? Shemeji, na mpwa wangu je? Akirudi kutoka kazini usiku?

— Mwanangu namjua kwa hatua, alisema Saruji. — Mimi si baba yake? Akikohoa tu, ni yeye. Jana walikuwa wezi, nimewasikia kwa masikio yangu. Wanakwaruza kitasa polepole, kiwiziwizi, wanapumzika, wanaanza tena. Ningekuwa nayo jana, leo mngekuwa mnanipa mkono wa hongera.

— Hodari! alisema Komandoo.

Ndipo akatokea dada yake Sindano, mke wa Saruji, kashika simu mkononi. Kijiwe kikajirekebisha kukaa.

— Baba nanihii, umesahau simu yako. Na hilo shati limefanyaje?

— Maji tu.

— Ukirudi, acha kufunga lile komeo la nyuma. Mwanao jana kahangaika na kitasa, hakutaka kutuamsha, mwisho kalala uani juu ya magunia yako ya saruji. Nimemkuta asubuhi mgongo wote unga.

Akamtazama mumewe.

— Kwani wewe hukumsikia?

Komandoo akainamia kikombe chake. Chaji akaichukua bastola ya plastiki, akaificha chini ya benchi.

— Mjibu mkeo, shemeji, alisema Sindano.