Bi. Mbithi, Aliyewaambia Wakubwa Wangoje

Tarehe 30 Juni, Bi. Maureen Mbithi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika sekretarieti ya chama chetu cha wanafizikia. Alianza kama karani wa mapokezi katika ofisi yetu ya katikati ya jiji. Anaondoka akiwa mratibu wa mkutano wa kanda, na huu wa leo ndio wake wa mwisho. Kuna wanakamati watakaopumua. Wasipumue mapema.

Zamani tuzo za utafiti za wanafunzi zilitolewa mwisho kabisa, wakubwa wakiwa wameshaondoka. Mwaka aliposhinda Nyakio, mgeni rasmi alikuwa ameenda zake, mpiga picha naye, na vijana wa hema walikuwa wakikunja viti. Binti huyo alikuwa amepima joto chini ya mapaa ya mabati ya rangi mbalimbali mwaka mzima, akapokea cheti mbele ya wazazi wake na wapishi. Bi. Mbithi alimpigia makofi mpaka viganja vikamwuma. Alikasirika sana, na hasira ile haijapoa mpaka leo.

Mwaka uliofuata alipanga ratiba upya bila kumwomba mtu ruhusa. Tuzo zikawa jambo la kwanza asubuhi ya kwanza, kila mshindi akieleza kazi yake kabla ya hotuba yoyote. Mgeni rasmi alipofika na walinzi wake akitaka kuanza, Bi. Mbithi alimwonyesha kiti. “Mheshimiwa, karibu uketi. Hawa watoto wametoka mbali, wacha waanze.” Mwenyekiti wetu alitamani ardhi immeze. Mheshimiwa aliketi.

Wa kwanza kupanda jukwaani alikuwa Nyakio, aliyeitwa tena apewe heshima aliyonyimwa. Kabla hajamaliza, Mheshimiwa, anayeishi mtaa wa kitajiri wa Loresho chini ya paa la vigae, alikuwa akiuliza apake rangi gani mabati ya nyumba zake za kupangisha. Hotuba yake ilikuwa fupi siku hiyo, na hakuna aliyelalamika.

Bi. Mbithi si malaika. Chai yake ya mkutano ni nyepesi mno, na sote ametukemea. Profesa aliyejaribu kumjibia mwanafunzi wake swali alitumwa nje akatafute maji.

Sasa tunasikia kwamba, kwa kuwa anaondoka, kamati inataka kuzirudisha tuzo mwishoni, wageni wenye haraka wasicheleweshwe. Tumesikia. Mimi, Carolyne Musembi, ndiye niliyeipeleka programu hii kwa mchapaji River Road, na wenzangu wote wa sekretarieti waliisoma kwanza. Fungua ukurasa wa pili: saa tatu asubuhi, wanafunzi. Safu ya mbele tumewapa wazazi. Anayetaka kuwainua aje awaambie mwenyewe.

Bi. Mbithi, asante kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya njema, mvua ya kutosha kwa shamba lako la Mutuini, na usingizi usiokatizwa na simu zetu. Leo keti mbele pamoja na wazazi. Wanafunzi wakimaliza, wakubwa watapewa nafasi yao.