Bwana Alinirudisha Nikafute Uongo Wangu

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe yeye anayemfungua hata mtu ambaye hakuna aliyejua kwamba amefungwa!

Ndugu zangu, mimi ni Mama Kinoti. Wengi wenu mnanijua kama yule mama mzee wa kiti cha mbele, ambaye akianza wimbo hakuna wa kumnyamazisha. Leo nimesimama kifua mbele. Sijivunii mimi, maana mtasikia nilikuwa nani. Ninajivunia Yesu, na kazi aliyoifanya ndani yangu katika mji huu wetu wa Isiolo, wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa porini. Kazi hiyo sitaificha mpaka nizikwe nayo!

Tuliteremka hapa kutoka Meru mimi na mume wangu tukiwa vijana. Yeye alikuwa turniboi wa lori, msaidizi wa dereva, na mimi nilikuwa nauza miraa. Nyumba tuliyopanga ilipakana na duka la Mborana mmoja aliyeitwa Halake. Mke wake aliitwa Kabale. Ndugu zangu, huyo Kabale alinipokea kama dada! Alinifundisha kunywa chai ya maziwa ya ngamia, na mimi nikamfundisha kupika githeri ya mahindi na maharagwe. Alikuwa akicheka sana na kusema, "Mama Kinoti, hiki chakula chenu ni cha kutafuna mpaka taya zilie." Yeye alikuwa Mwislamu na mimi Mkristo, na hakuna siku tuligombana kwa hayo. Hata nilipojifungua Kinoti, ni Kabale aliyenikanda.

Kisha vita vikaja. Wazee mliokuwepo mnakumbuka. Barabara zikawa za kuogopwa, na malori yakaanza kwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Watu wa mifugo wakakusanywa wakakaa pamoja kwenye kambi, wakilindwa kama wafungwa, na ng'ombe zao wakafa kwa kukosa malisho. Kila mtu alimwogopa mwenzake. Ukikuta watu wanaongea, ukifika wananyamaza.

Mume wangu aliondoka asubuhi moja na lori la unga lililokuwa likielekea Garba Tula. Nilimpa chapati kwenye karatasi, akapanda juu ya magunia akaondoka akiniaga kwa mkono. Lori lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Walimrudisha amefunikwa kwa turubai, na hawakunikubalia kumfunua.

Ndugu zangu, sijui niseme nini kuhusu siku hizo. Halake alikuja matangani. Alileta sukari na majani ya chai, akakaa na wanaume, na machozi yalimtoka. Mimi nilimtazama kutoka jikoni, na moyoni nikasikia neno moja: *Hawa ndio*. Hakunikosea kitu. Lakini alisema lugha ambayo niliamini wale waliomuua mume wangu wanaisema, na alivaa kama wao, na hilo lilinitosha. Kuanzia siku hiyo niliacha kunywa chai ya Kabale. Alipoita, nilisema nina kazi. Nilikuwa nakuja kanisani, naimba, natoa sadaka, na ndani ninamlaani jirani yangu. Dini nilikuwa nayo tele! Yesu ndiye sikuwa naye.

Siku moja askari wa upelelezi walikuja pale tulipokuwa tukiuzia miraa. Mmoja aliinama akachagua kitita, akaniambia, "Nyinyi akina mama mnaona kila kitu. Nani hapa mjini analisha shifta?"

Wenzangu waliendelea kufunga vitita vyao. Mimi nikafungua mdomo.

"Angalieni duka la Halake," nikasema. "Watu wa porini wanaingia kwa mlango wa nyuma. Wanatoka na magunia ya sukari."

Ulikuwa uongo. Mlango huo wa nyuma niliujua, maana uliangaliana na jiko langu, na aliyekuwa akipita hapo ni Kabale na mbuzi wake tu. Lakini nilisema, na niliposema nilisikia utamu, ndugu zangu! Dhambi ina utamu wake, tusidanganyane. Nilijiambia nimemlipia kisasi mume wangu.

Halake alichukuliwa siku hiyo hiyo. Walimvuta kutoka nyuma ya mizani yake, kilemba kikaanguka, na duka likafungwa. Mbuzi pia wakachukuliwa. Nilitazama kutoka dirishani, na utamu ule ukaisha hapo hapo, ukaniacha na uchungu ambao sijawahi kuonja.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyomfuata mtu. Haikupita muda mrefu, Kabale akabisha mlangoni kwangu. Alikuwa amekonda. Alisimama nje kwa sababu nilikuwa nimeshamzoesha kutoingia.

"Nagaa, Mama Kinoti," alinisalimu, amani kwa lugha yao. Kisha akasema, "Mimi sijui Kiswahili cha ofisi. Wewe unawajua watu wa serikali, wananunua miraa kwako. Nenda uniongelee. Waambie mume wangu hana makosa. Wewe unajua."

*Wewe unajua!* Bwana asifiwe! Maneno yale yalinichoma kuliko moto. Nikamwambia nitajaribu. Akanishika mikono akanishukuru, akaniombea baraka kwa Mungu. Sikwenda popote. Kila siku aliniuliza kwa macho tu, na kila siku nilisema, "Bado wananizungusha."

Kuanzia hapo nilikuwa mfungwa. Halake alikuwa kizuizini kwa Serikali, na mimi nilikuwa kizuizini kwa Shetani, na ngome yangu ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Nikiimba kanisani, sauti ilikatika. Nikimwona Kabale, nilipitia njia nyingine. Nilimpiga Kinoti bila sababu. Nilianza kunywa pombe, mimi ambaye wazazi wangu hawakuwahi kuionja.

Ndipo Mungu akamtuma mtumishi wake. Alikuwa mwinjilisti Mturkana kutoka Ngaremara, jina lake Ekai, mtu mrefu asiye na haraka ya maneno. Alihubiri mchana katika kanisa letu la mabati, jua likiwaka mpaka mabati yanalia. Hakupiga kelele. Alieleza kwamba watu wenye bunduki walimuua ndugu yake na kuchukua ng'ombe, na yeye aliwachukia mpaka chuki ikamfanya awe kama wao. Halafu akasema, "Yesu alikufa kwa ajili ya aliyeuawa, na alikufa kwa ajili ya aliyeua. Na wewe uliyeua kwa ulimi, pia alikufia wewe."

Ndugu zangu, nilidhani mtu amemweleza habari zangu! Nilianguka kati ya viti. Nililia kwa sauti kama siku ya turubai. Nilisema yote, kanisa likisikia: "Nilimsingizia Halake! Nilidanganya! Yesu, nihurumie!" Na nawaambia ukweli mbele za Mungu, kitu kilinitoka kifuani. Nilivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Sikuwa nimevuta pumzi hiyo tangu mume wangu alipokufa. Chuki iliondoka! Nilimtafuta yule adui wangu Halake moyoni mwangu, nikamkuta jirani yangu Halake.

Watu waliimba. Nilitaka iishe hapo, twende nyumbani kwa furaha. Lakini Mwinjilisti Ekai alinikalisha kando, akaniambia polepole, "Mama, damu ya Yesu inaosha, haifichi. Yule mtu bado amefungwa."

"Nikienda kusema, watanifunga mimi," nikamjibu.

"Inawezekana," akasema. "Sitakudanganya. Lakini wewe tayari ulikuwa jela. Unaijua."

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka Kinoti kwa dada yangu, nikavaa nguo yangu ya kanisa, nikaenda kwa afande mkubwa. Miguu yangu haikurudi nyuma! Nilimwambia kwamba habari za Halake nilizitunga mwenyewe, na kwamba sikuona mtu wa porini wala gunia.

Alinitazama sana. "Waborana wamekuhonga nini?"

"Hakuna, afande. Nimeokoka."

Akacheka, na askari wakacheka. "Mume wako aliuawa na hawa hawa, na unakuja kuwatetea?"

"Mume wangu aliuawa, afande. Halake hakumuua. Mimi nilisema uongo."

"Unajua kuidanganya Serikali ni jela?"

"Najua. Nimekuja na shuka."

Kweli nilikuwa nimekuja na shuka ndani ya kikapu! Waliacha kucheka. Walinikalisha juani mpaka midomo ikapasuka, kisha wakaniweka ndani. Kila nilipoitwa, waliniuliza maswali yale yale, na nilijibu majibu yale yale, maana ukweli hauhitaji kukaririwa. Na mle ndani, ndugu zangu, niliimba! Sauti iliyokatika kanisani ilirudi kwenye seli. Mama mmoja mlevi tuliyefungwa naye aliniuliza nimekunywa nini. Nikamwambia, "Nimeacha!" Sijawahi kujiona mtu huru kama nilivyokuwa mle. Mimi, muuza miraa, mjane, niliwaambia wenye bunduki ukweli na sikupungua kitu. Huyo ni Yesu! Haleluya!

Waliniachilia kwa matusi. Nikaenda moja kwa moja kwa Kabale. Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kwa afande. Nilisimama mahali pale alipokuwa akisimama yeye kwangu, nje ya mlango, nikamweleza kwamba ni mimi niliyemsema mumewe.

Hakunipiga. Hakulia. Alisema tu, "Nilikushika mikono." Halafu akafunga mlango.

Nilikubali. Msamaha wa Mungu nilikuwa nao, na wake haukuwa deni langu la kudai. Nilimwekea maji mlangoni, akayaacha pale pale. Nilimwekea tena. Majirani zangu Wameru nao walinisusa, wakaniita mke wa shifta. Nikaendelea kuuza miraa nikiimba.

Halake hakutoka mara moja. Alirudi wakati mvua zilipokuwa zimeshanyesha, akichechemea, ndevu zimekuwa nyeupe. Nilijificha jikoni. Lakini aliniita, sauti yake ikiwa ile ile ya dukani: "Mama Kinoti! Toka."

Nikatoka. Nilipiga magoti, akaniambia nisimame.

"Kule nilikokuwa, tulikuwa wengi," akasema. "Kila mmoja alisingiziwa na mtu. Kila mmoja alijua ni nani aliyemsema. Askari waliniambia kuna mwanamke alikuja mwenyewe kusema alidanganya, na akalala ndani kwa ajili hiyo. Wenzangu hawakuamini. Waliniuliza ni mwanamke gani huyo. Nikawaambia ni jirani yangu."

Ndugu zangu! Mtu niliyemtupa gerezani alinitaja mbele ya wafungwa wenzake kwa jina la jirani! Kama hiyo si neema, neema ni nini?

Kabale alichukua muda. Hakuwahi kutamka kwamba amenisamehe, na sikuwahi kumuuliza. Lakini mwaka mwingine, vita vimetulia, habari zilimjia kwamba mama yake amefariki huko Sericho. Ni safari ndefu, na Halake ilibidi aende naye. Kabale alikuja kwangu, na safari hii aliingia ndani bila kubisha. Akaweka mezani funguo za duka, lililokuwa limefunguliwa tena Halake aliporudi.

"Uza mpaka nirudi," akasema. "Na mbuzi wetu wapya wanywe maji asubuhi."

Nikauza. Niliketi nyuma ya mizani ya Halake nikipima sukari, na kila mteja aliyeingia alishangaa, nami nilikaa wima kama malkia!

Wewe unayenisikiliza, labda hakuna anayejua ulichofungwa nacho. Yesu anajua, na hajaja kukuaibisha. Njoo kwake jinsi ulivyo, umwambie yote. Na akikutuma urudi mahali ulipoharibu, rudi, usiogope, yeye atatangulia. Mimi alinitangulia kwa afande, akanitangulia kwa Kabale, na leo nimezeeka nikiwa mtu huru. Apewe sifa zote, na ninyi mnaotaka kuombewa, simameni hapo mlipo. Nakuja kwenu mimi mwenyewe.