Anemoni Amehama Jiwe

Mama Matumbawe: Haloo? Nani mwenzangu?

Daktari wa Meno: Wifi, ni mimi. Napiga kwa simu ya kliniki. Habari za tangu juzi?

Mama Matumbawe: Nzuri, wifi. Sauti inakwaruza kidogo... Matumbawe yangu hayajambo?

Daktari wa Meno: Matumbawe hayajambo. Ila yule mnyama wako mwingine wa baharini, aliye kama ua lenye vidole —

Mama Matumbawe: Anemoni?

Daktari wa Meno: Ameondoka.

Mama Matumbawe: Ameondoka ndiyo kusema amekufa?

Daktari wa Meno: Sijasema hivyo. Juzi kioo cha tangi lako kilipopasuka, ukayaleta mazagazaga yako kwenye tangi langu la samaki watupu, yeye tulimweka juu ya jiwe, si ndiyo? Sasa jiwe lipo, mwenyewe hayupo.

Mama Matumbawe: Amehama. Hao hutembea, wifi. Mguu wao mmoja, lakini —

Daktari wa Meno: Si ungeniambia. Nimeshawahoji wagonjwa wote.

Mama Matumbawe: Umewahoji?

Daktari wa Meno: Kwa adabu.

Mama Matumbawe: (anabana kicheko) Tazama kwenye pampu, upesi. Akivutwa mle atasagika, na sumu yake itawamaliza samaki wako.

Daktari wa Meno: Ngoja. Nina mgonjwa kitini ameachama... Mzee, funga mdomo kidogo, nakuja.

Mama Matumbawe: Unaona kitu? Tangi lako lina mwanga hafifu, hata matumbawe nayaogopea —

Daktari wa Meno: Mwanga upo. Nimeyawekea taa ya kung'olea meno.

Mama Matumbawe: Na mzee unamtibu kwa taa gani?

Daktari wa Meno: Mkewe anamshikia tochi ya simu.

Mama Matumbawe: Wifi, utanivunja mbavu.

Daktari wa Meno: Nimemwona. Kajibanza nyuma ya pampu, vidole viwili vimeshaanza kuvutwa.

Mama Matumbawe: Zima. Chomoa waya.

Daktari wa Meno: Nimechomoa... hii ya redio. Ngoja. Haya, imezima.

Mama Matumbawe: Usimvute. Yukoje?

Daktari wa Meno: Kanywea kama soksi iliyolowa. Ngoja... Anafunguka. Kidole kimoja kimoja. Na wifi, yule samaki wangu mdogo wa rangi ya chungwa, anayekaaga pembeni peke yake —

Mama Matumbawe: Ameingia kwa anemoni?

Daktari wa Meno: Amemgusa. Amekimbia. Amerudi... Ameingia mzima, yamebaki macho. Anajigaragaza humo kama mtoto kwenye godoro jipya.

Mama Matumbawe: Hao baharini huishi pamoja, sumu haimdhuru. Wanajuana bila kutambulishwa.

Daktari wa Meno: Chumba kizima kimesimama. Hata mzee katoka kitini na pamba mdomoni.

(Wanacheka wote, hakuna anayeweza kusema.)

Mama Matumbawe: Funga... funga sifongo kwenye mdomo wa pampu, ndipo uwashe. Samaki wanataka hewa.

Daktari wa Meno: Sawa. Nimefunga, nimewasha. Wifi. Siku ya harusi yenu nilisema kaka yangu kaoa ndoo ya maji ya chumvi.

Mama Matumbawe: Nilisikia.

Daktari wa Meno: Ulisikia?

Mama Matumbawe: Mwaka wa tatu huu nasikia.

(Mkwaruzo.)

Daktari wa Meno: Haloo? Upo?

Mama Matumbawe: Nipo.

Daktari wa Meno: Kesho njoo umtazame. Nitachemsha chai.

Mama Matumbawe: Nakuja. — Fundi, kiegemeze ukutani hapo, taratibu, kona zisigonge.

Daktari wa Meno: Nani huyo? Kioo chako kimekuja?

Mama Matumbawe: Huyu? Fundi wa... wa mlango. Kioo bado, wifi. Labda mwezi mzima, wacha wakae kwako.

Daktari wa Meno: Mwezi. Ah, pole. Mwambie huyo fundi wako wa mlango asiharakishe, kazi ya kioo haitaki pupa.

Mama Matumbawe: Nitamwambia.

Daktari wa Meno: Mzee ganzi inamwisha. Kesho basi, uje mapema kabla ya wagonj —

(Simu inakatika.)